Kabla Hujamwambia "Sema"

Mgeni akiingia katika nyumba nyingi za kwetu, kitu cha kwanza kinachomfikia mtoto mdogo ni amri. Mwamkie shangazi. Sema shikamoo. Toa mkono. Mtoto wa miaka mitatu asipojibu wala kugeuka, akaendelea kupanga vizibo vya soda kando ya ukuta, ataamriwa tena kwa sauti kubwa zaidi, na mama yake ataanza kumtetea: leo hakulala vizuri, ana aibu, hata baba yake alichelewa kusema. Jioni wageni wakishaondoka, darasa linaanza. Sema maji. Sema mama. Sema basi, mara moja tu.

Mzazi huyo anampenda mwanawe, ndiyo maana hachoki. Lakini kama mtoto ana usonji, au ana dalili zinazoelekea huko, nguvu hizo zimeelekezwa pasipozaa. Mara nyingi kinachokosekana kwanza ni ule mwendo wa kupeana zamu unaotangulia neno: nakuangalia, unaangalia kile ninachokiangalia, unanionyesha chako, nakuitikia, unarudi tena. Mwendo huo unaweza kujengwa nyumbani, kwa mikono ya watu wa nyumbani, na namna ya kuujenga inafundishika hata kwa mtu ambaye hajakanyaga chuo cha udaktari.

Watoto huanza mapema sana kuzungumza bila maneno. Kati ya miezi 9 na 12 wengi huanza kufuata macho ya mtu mzima: ukigeuka kuangalia mlangoni, naye anageuka. Karibu na mwaka mmoja, au miezi michache baadaye, hunyosha kidole. Hapa kuna mambo mawili ambayo mzazi anaweza kuyaona sebuleni kwake. Kuna kidole cha kuomba: nipe hicho. Kuna pia kidole cha kuonyesha: tazama paka yule! Mtoto hamtaki paka. Anataka wewe umwone paka pamoja naye, na akishanyosha kidole hugeuka kukutazama usoni ahakikishe umeona. Watoto wengi wenye usonji hujua kuomba kwa njia zao. Atakushika kiganja, akupeleke hadi kwenye chupa ya chai, auweke mkono wako juu ya kifuniko, yote hayo bila kukutazama. Kinachochelewa, au kinachokuja kwa sura nyingine, ni kile cha kuonyesha.

Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu orodha za dalili zinazosambazwa kwenye simu huweka macho mbele: hamtazami mtu machoni. Kwetu mtoto mwenye adabu hafundishwi kumkazia mkubwa macho. Bibi wa Tanga au Lamu hatashtuka kuona mjukuu akiinamisha uso, na hana sababu ya kushtuka. Ya kumuuliza bibi ni mengine. Je, anakuletea vitu akuonyeshe? Ukisema "tazama ndege," anafuata kidole chako? Alipotimiza mwaka, ulipomwita kwa jina aligeuka? Alikuwa na maneno mawili matatu, kisha yakapotea? Majibu ya maswali hayo yana uzito kuliko macho.

Masikio nayo yasisahauliwe. Mtoto asiyeitikia jina lake apimwe usikivu, kwa sababu uziwi na usonji huweza kufanana kwa mbali, na huweza hata kukutana ndani ya mtoto mmoja. Familia nyingi hupitishwa kwanza njia nyingine: wanaambiwa mtoto ana udata, akatwe chini ya ulimi, maneno yatatoka. Utando ulioukaza ulimi unaweza kusumbua kunyonya na baadhi ya matamshi. Haumzuii mtoto kunyosha kidole. Haumzuii kugeuka anapoitwa. Miezi inayopotea katika kusubiri maneno yatoke baada ya ulimi kukatwa ni miezi ambayo mtoto angeweza kuwa anasaidiwa.

Mzazi akiambiwa kwamba yeye ndiye atakayejifunza, mara nyingi husikia neno jingine: kosa ni lako. Hofu hiyo ina historia ndefu. Leo Kanner, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto huko Baltimore, Marekani, alipoandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11 aliowaona, aligusia pia ubaridi aliouona kwa wazazi wao. Wazo hilo likavimba miaka iliyofuata. Bruno Bettelheim wa Chicago alilieneza kwa nguvu, hasa kwa kitabu chake cha mwaka 1967, na akina mama wakabebeshwa shutuma kwamba ukosefu wao wa upendo ndio uliowafungia watoto ndani ya nafsi zao. Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa mwenyewe baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa tayari amelipinga katika kitabu chake cha mwaka 1964, akieleza kwamba chanzo kitafutwe katika mwili na ubongo. Rimland ndiye aliyekuwa na haki. Malezi hayasababishi usonji, na urithi wa vinasaba una sehemu kubwa. Hapa kwetu lawama zimevaa nguo nyingine: laana ya ukoo, kijicho, sindano ya uzazi wa mpango, chanjo. Zote huishia kumwangukia mama. Kwa hiyo liwe wazi tangu hapa: mafunzo ninayoyazungumzia hayarekebishi mzazi mbaya. Yanampa mzazi mzuri ustadi ambao watoto wake wengine huenda hawakuuhitaji.

Utafiti ulioyapa mafunzo hayo msingi imara ulifanyika Uingereza, katika Manchester, London na Newcastle, ukiongozwa na Jonathan Green wa Chuo Kikuu cha Manchester. Watoto 152 wenye usonji, wa miaka 2 hadi karibu 5, waligawanywa kwa kura. Wote waliendelea na huduma za kawaida, ila nusu yao wazazi wao waliongezewa mafunzo. Mtaalamu hakumfundisha mtoto. Aliwarekodi kwa video mzazi na mtoto wakicheza kwa dakika chache, kisha akaketi na mzazi waitazame. Walitafuta zile sekunde ambazo mambo yalikubali. Hapa aligusa gurudumu, ukanyamaza, akakutazama, umeona? Walikutana kila wiki mbili kwa nusu mwaka, halafu mara moja kwa mwezi kwa nusu mwaka mwingine, na nyumbani mzazi akafanya mazoezi ya dakika 20 hadi 30 kila siku.

Matokeo yalipochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010, furaha ilikuwa nusu. Wazazi walikuwa wamebadilika sana katika namna ya kuwaitikia watoto, na watoto walikuwa wakianzisha mawasiliano wenyewe mara nyingi zaidi, lakini kipimo cha uzito wa dalili hakikuonyesha tofauti ya kutegemewa. Ilibidi kungoja. Mwaka 2016 watafiti waliripoti kwamba, takriban miaka 6 baada ya mafunzo kwisha, walikuwa wamewapata tena watoto 121 kati ya wale. Waliokuwa katika kundi la dalili nzito walikuwa asilimia 46 upande wa wazazi waliofundishwa, na asilimia 63 upande wa pili. Usonji haukuondoka, wala hilo halikuwa lengo. Lakini kitu alichopewa mzazi kwa mwaka mmoja kiliendelea kufanya kazi muda mrefu baada ya mtaalamu kuondoka, na sababu yake inaeleweka kwa urahisi: mtaalamu huonekana kwa saa chache kwa mwezi, mzazi yupo mtoto anapoamka, anapokula, anapooga na anapolia usiku.

Sasa tuje nyumbani. Kuanza ni kukaa chini, kwenye mkeka, uso wako usawa na wake, televisheni imezimwa na simu iko mbali. Dakika kumi zinatosha siku za mwanzo. Usilete mchezo wako. Kama anapanga vizibo, panga vizibo. Chukua kimoja ukiongeze kwenye mstari wake, au akikataa, anza mstari wako pembeni. Wazazi wengi huona vibaya hapa, kana kwamba wanaukuza ugonjwa. Kumbe kwa mtoto huenda ndiyo mara ya kwanza mtu mzima kuingia katika jambo analolipenda bila kulichukua wala kulisahihisha. Tazama kama atakupa kizibo, atakuangalia, au atasogeza chako kikae sawa. Hiyo ndiyo zamu yake. Itikia.

Punguza maswali. Jisikilize siku moja unavyoongea na mwanao: hii nini? rangi gani? ng'ombe anasemaje? Huo ni mtihani, na mtoto asiye na jibu hujifunza kukaa kimya. Badala yake taja kile anachokiona, wakati anakiona, kwa maneno machache. Kizibo. Kizibo kinazunguka. Kimeanguka! Asiyesema kabisa apewe neno moja moja. Anayesema neno moja asikie mawili: akisema "maji," wewe sema "mimina maji" huku ukimimina, na usimtake arudie. Neno lililosikika wakati mkono unatenda hubaki.

Halafu ngoja. Hili ndilo gumu kuliko yote, na ndilo ambalo video hulifichua haraka. Watoto wengi wenye usonji wanahitaji muda zaidi kupokea kilichosemwa na kupanga jibu. Mtu mzima akiona ukimya wa sekunde mbili hurudia, tena kwa maneno mengine, na mtoto aliyekuwa amefika nusu ya safari analazimika kuanza upya. Hesabu moyoni hadi kumi, uso ukiwa wazi, mdomo umefungwa. Wazazi waliozoea kuongea muda wote huona sekunde hizo ni ndefu mno. Kwa mtoto ndizo zenye nafasi.

Nafasi nyingine zinaweza kutengenezwa. Weka vipande vya biskuti kwenye kopo linaloonyesha ndani, kaza kifuniko, umpe kopo lote. Ataligeuza, atalitikisa, kisha atakuletea. Usimuulize anataka nini, maana nyote mnajua. Sema "fungua," fungua, mpe kipande, funga tena. Anapooga, mwagia kopo la kwanza na la pili, kisha la tatu lishike juu bila kumwaga. Mkiwa mnazunguka katika mchezo wa Ukuti Ukuti, simama ghafla katikati. Akikuvuta mkono, akiguna, akiruka au akikutazama, ameshasema. Endelea papo hapo, asipate shaka kwamba umemsikia. Tahadhari moja: kusitisha huku ni kwa furaha na kwa sekunde chache. Kumnyima mtoto chakula, au kitu kinachomtuliza, mpaka "aseme" ni ukatili, na anachojifunza hapo ni hofu.

Wako pia watoto ambao maneno wanayo, ila ni yale waliyoyasikia, wakiyarudia vilevile hadi wenzao wakawaita kasuku. Barry Prizant na Judith Duchan wa Marekani walionyesha mwaka 1981 kwamba marudio hayo yana kazi: mtoto anakubali, anaomba, anashika zamu yake, anajituliza. Ukimwuliza "unataka chai?" naye akajibu "unataka chai," huenda amekwambia ndiyo, ila amebaki na maneno yako kama yalivyo. Usimkosoe. Mpe kikombe huku ukisema sentensi kama angeisema yeye: "Nataka chai." Kwa kuwa ataibeba nzima, mpe ile itakayomfaa kinywani mwake. Kiswahili kwa hili ni kizuri, kwa kuwa "nataka" ni neno moja tu, na likishashikwa linaweza kubeba maji, mpira, nje na nyumbani.

Kuna ushauri unaotolewa kwa wazazi wa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam ambao ningependa ukome. Wanaambiwa waache Kiswahili, Kigiriama au Kichaga, waongee Kiingereza peke yake ili mtoto asichanganyikiwe. Tafiti zilizowalinganisha watoto wenye usonji wanaokua na lugha mbili na wale wa lugha moja hazijaonyesha kwamba lugha ya pili inawarudisha nyuma. Ushauri huo ndio unaorudisha nyuma. Mama anayelazimishwa kutumia lugha asiyoimudu huongea kidogo, huacha utani, huacha nyimbo za kubembeleza, na bibi, ambaye pengine ndiye mwenye subira kuliko wote nyumbani, anatolewa kabisa katika mazungumzo.

Hofu nyingine ni ya picha na ishara: akizoea kuonyesha kadi hatasema kamwe. Haijaonekana hivyo. Kadi za picha, kama zile za mfumo ulioanzishwa na Andy Bondy na Lori Frost huko Delaware mwaka 1985, hazizuii usemi, na kwa baadhi ya watoto maneno huongezeka kidogo. Si lazima kununua seti ya bei kubwa. Piga kwa simu picha ya kikombe chake mwenyewe, ya choo chenu, ya mlango wa nje, zichapwe steshenari na zifunikwe plastiki. Na kwa mtoto ambaye hatasema hata akiwa mkubwa, kadi hizo au kifaa cha kuongea ndiyo sauti yake, anastahili kuwa nayo mapema.

Katika tafiti za Ulaya mzazi huwa mmoja au wawili. Kwetu mtoto yumo mikononi mwa dada wa kazi, bibi, mama mdogo, kaka zake na jirani anayemchukua mara kwa mara. Mzazi akijifunza peke yake, kazi ya asubuhi hufutwa mchana. Dada wa kazi hasa, anayeshinda naye siku nzima, aelezwe kwa heshima na aonyeshwe kwa vitendo, asiishie kupewa amri za usalama na chakula. Kaka na dada wa mtoto hawahitaji kufundishwa sana. Wao tayari hukaa chini, hucheza mchezo huo huo mara ishirini bila kuchoka, na hawaulizi rangi gani.

Na shikamoo? Familia ikubaliane na wageni waambiwe. Kwa Wamaasai, mtoto humwamkia mkubwa kwa kuinamisha kichwa, mkubwa akamgusa. Salamu imetimia, na hakuna anayesema mtoto hana adabu. Mtoto mwenye usonji anaweza kupewa njia yake vivyo hivyo: kiganja kwa kiganja, au kupunga mkono kutoka alipo kama hapendi kuguswa. Kumshika kidevu na kumgeuza uso ili amtazame mgeni ni jambo la kuachwa. Watu wazima wenye usonji wanaoandika kuhusu utoto wao wanaeleza jinsi kulazimishwa kutazamana kulivyowaumiza, na kulivyowafanya wasisikie kinachosemwa.

Watu hao wametuongezea jambo ambalo wataalamu walichelewa kuliona. Damian Milton, msomi wa Uingereza mwenye usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba ugumu wa kuelewana uko pande mbili: asiye na usonji naye hamwelewi mwenye usonji. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake wa Edinburgh waliwapa watu wazima hadithi waipokezane mmoja baada ya mwingine. Minyororo ya watu wenye usonji watupu ilifikisha hadithi sawasawa na ile ya watu wasio na usonji. Habari ilipotea zaidi katika minyororo iliyochanganywa. Mzazi anayekaa chini kupanga vizibo anafanya sehemu yake ya kazi hiyo ya pande mbili, na ndiyo sababu naona mafunzo haya yana heshima ambayo mazoezi ya "sema, sema" hayana.

Nani atamfundisha mzazi? Wataalamu wa tiba ya matamshi na lugha ni wachache mno katika ukanda wetu. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kutoa shahada ya fani hiyo mwaka 2008. Chama cha Usonji cha Kenya kilianzishwa na wazazi mwaka 2003 na kimeshirikiana na kitengo cha watoto wenye usonji katika shule ya City Primary, Nairobi. Dar es Salaam, shule ya msingi Msimbazi Mseto ina kitengo kama hicho. Lakini mtoto wa miaka miwili hayuko shuleni. Yuko nyumbani, na kliniki ya karibu humwita kupima uzito na kupata chanjo.

Jibu linalonipa matumaini lilitoka Goa, India, na Rawalpindi, Pakistan. Huko Atif Rahman, Vikram Patel na wenzao, akiwemo Green, waliyachukua mafunzo yale ya Manchester, wakayarekebisha, kisha wakawakabidhi wahudumu wa afya wasio wataalamu. Wahudumu hao waliwafikia wazazi kwa mikutano 12 ndani ya miezi 6. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalihusu watoto 65. Wazazi waliitikia vizuri zaidi, na watoto walianzisha mawasiliano zaidi. Jambo moja lilienda kinyume: muda wa mzazi na mtoto kuangalia kitu kwa pamoja ulipungua badala ya kuongezeka, kwa hiyo lazima kazi kama hii iendelee kupimwa popote inapopelekwa. Hata hivyo ilithibitika kwamba mtu asiye mtaalamu, akifundishwa na kusimamiwa vizuri, anaweza. Shirika la Afya Duniani nalo limeandaa mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9, yenye mikutano 9 ya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na yamefanyiwa majaribio Ethiopia, jirani yetu.

Kenya ilizindua mwaka 2023 mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000. Tanzania, Januari 2024, ilizindua mpango wake wa kuwaandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Watu hawa wanaingia majumbani. Wanajua kuuliza kuhusu kikohozi, chandarua na uzito wa mtoto. Wafundishwe pia kuuliza kuhusu kidole cha kuonyesha na kuitikia jina, wajue pa kumpeleka mtoto kupimwa masikio, na baadhi yao wafundishwe kukaa na mzazi kutazama video ya dakika tano. Wazazi na vyama vyao wana haki ya kuwadai hivyo madiwani na wabunge wao, kama wanavyodai maji na barabara.

Anayesoma haya akiwa na mtoto anayemtia wasiwasi aombe barua ya kwenda kupimwa usikivu na ukuaji katika ziara ijayo ya kliniki, asikubali kuambiwa asubiri mpaka mtoto afikishe miaka mitano. Siku hiyo hiyo mtu mwingine wa nyumbani awarekodi yeye na mtoto wakicheza kwa dakika tano. Waitazame pamoja, wakihesabu ni mara ngapi mtoto alianza, kwa mkono, kwa sauti au kwa jicho, na mtu mzima alifanya nini sekunde iliyofuata.